Land Rover ya baba haikudumu, ilitengenezwa

Kadi ya gari inasema 1976, na chesisi kweli ni ya mwaka huo, ingawa kule nyuma, pale zinaposhika springi, imeungwa kwa vyuma vya kuchomelea. Injini siyo iliyokuja nayo. Ile ya kwanza ilimalizwa na vumbi la Mang'ola kabla sijaanza shule, ikafungwa nyingine iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Gia boksi nayo imebadilishwa, tena si mara moja. Milango ya mbele ilitoka kwenye magari mawili tofauti, ndiyo maana wa dereva unafungwa kwa kubamizwa na wa abiria kwa kubembelezwa. Rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ni ya zamani kwa sura, ndani imeshaguswaguswa. Ukiniuliza kipi hasa kimebaki cha 1976 nitakuonyesha chesisi, usukani na mabati ya ubavuni, halafu nitaanza kusitasita.

Hiyo ndiyo Land Rover ya baba, Series III, ile ndefu ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Siku ya mnada Karatu hakosekani mtu wa kuipiga kofi kwenye boneti na kusema magari ya zamani yalikuwa chuma kitupu, siyo haya makopo ya siku hizi. Baba hutabasamu tu, sifa hazikataliwi. Mimi niliyekua nikishika tochi chini ya gari hilo, na ambaye sasa naendesha gari dogo la Kijapani kwenda kazini, naona tunalisifia kwa kitu ambacho halina. Halikudumu kwa kutoharibika. Hakuna kifaa ambacho hakijawahi kuharibika humo. Limedumu kwa sababu kila kilichoharibika kilifunguka, kikatoka peke yake, kikatengenezwa au kikawekwa kingine.

Chukulia rejeta. Kule Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi, tulikokuwa tukibeba vitunguu, maji yana magadi, na rejeta ikipungua unajaza ulichonacho. Baada ya muda mirija inaota ukoko mweupe kwa ndani, gari linaanza kuchemsha kwenye mlima. Rejeta ya zamani ni ya shaba, tangi la juu na la chini yamelehemiwa kwenye mirija ya katikati. Fundi wa rejeta wa Arusha aliipasha moto ukingoni taratibu, risasi ikayeyuka, tangi la juu likang'oka zima mkononi mwake. Akachukua ufito bapa wa chuma akawa anausukuma kwenye mrija mmoja baada ya mwingine, na kila ukitoka unatoka na unga wa chokaa. Mirija iliyokuwa imetoboka hakuhangaika nayo: aliiziba juu na chini akaiacha ife, iliyobaki ikafanya kazi yake. Akarudisha tangi, akalehemu upya, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye pipa la maji kutafuta mapovu. Tulikuwa njiani kurudi kabla jua halijazama.

Rejeta ya gari langu dogo ina kiini cha aluminiamu na matangi ya plastiki, yamebanwa pembeni kwa meno ya bati na katikati kuna mpira. Plastiki ikipikwa na joto mwaka baada ya mwaka hugeuka kahawia, kisha siku moja inapiga ufa. Hakuna fundi wa kulehemu plastiki. Wapo wa gundi, na gundi hiyo inakufikisha nyumbani ukiendesha kwa adabu. Dawa ni kununua nyingine nzima. Wengi wakifika hapo huanza kulaani, lakini tuwe wakweli: nyingine nzima niliipata siku hiyohiyo, bei haikunitisha, na muda wote ile ya kwanza ilipokuwa salama gari halikuwahi kuchemsha. Ya shaba ilikuwa ikirudi kwa yule fundi kila baada ya misimu michache.

Hilo la "kila baada ya" ndilo tunalolisahau tukikumbuka magari ya zamani. Jumamosi za utoto wangu zilikuwa za gari. Nipo, vile vichuchu vya kuingizia grisi, zilipigwa grisi moja moja. Oili ya injini ilipimwa asubuhi ya kila safari, kwa sababu kipimo cha jana hakikuwa ushahidi wa leo. Gari lisilodondosha oili chini, baba alikuwa akisema, limeishiwa. Na platini! Wapo vijana wa gereji leo ambao hawajawahi kuzishika. Ni vichwa viwili vidogo vya chuma ndani ya distribyuta, vinavyofunguka na kufunga maelfu ya mara kwa dakika ili kukata umeme wa koili, na hapo ndipo plagi inapotoa cheche. Kila vinapoachana vinaunguzana kidogo. Upande mmoja unaota kinundu, mwingine unachimbika, gari linaanza kukohoa na kunywa mafuta.

Baba aliachia vibanio viwili, akafungua kifuniko cha distribyuta, akasugua vile vichwa kwa msasa laini, halafu akaniamuru nizungushe injini kwa hendeli polepole hadi platini zifunguke kabisa. Nafasi inayotakiwa pale ni kama milimita 0.4. Kipimo cha chuma kilipotea zamani, kwa hiyo alitumia kipande cha kadi ya mchango wa harusi. "Ikipita kwa kujivuta kidogo, hapohapo, kaza mwanangu." Nakaza. Alikuwa na msimamo kwamba kadi za siku hizi zenye kung'aa ni nene mno, hazifai kwa Land Rover wala kwa mfuko wa mchangiaji. Kazi nzima, bisibisi moja na dakika chache.

Nzuri kuisimulia, lakini ilirudiwa kila baada ya kilometa elfu chache, mvua au jua. Gari langu halina platini. Koili imekaa juu ya kila plagi, kompyuta ndiyo inayoamua cheche itoke lini, na plagi zenye ncha ya iridiamu zinakwenda mpaka kilometa laki moja. Dira ya kilometa ya Land Rover ina tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 inarudi sufuri, na zama hizo injini kufika huko bila kufunguliwa ilikuwa habari ya kusimulia vijiweni. Leo gari linashushwa bandarini Dar es Salaam likiwa na laki na ushee, unaambiwa bado bichi, na mara nyingi ni kweli. Kwa kuharibika mara chache, la kisasa limelishinda la zamani mbali sana, wala sioni ubishi hapo.

Ubishi unakuja siku linapoharibika. Langu lilizimika mbele kidogo ya Makuyuni, jua la saa nane. Stata inapiga vizuri, injini inazunguka, haishiki. Mafuta yapo. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna kilichovuja. Fundi wa jirani alikuja na spana zake, akasimama mbele ya boneti, akalitazama lile funiko jeusi la plastiki juu ya injini, akasema, "Kaka, hili nikilifungua nitakudanganya tu. Linataka kompyuta." Nilimheshimu kwa hilo, maana wapo ambao wangelifungua. Tukavutwa na bredauni hadi Arusha. Huko kijana mmoja alichomeka kisomeo chake chini ya usukani, akasubiri, akanionyesha: sensa ya krenki. Ni kidude kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, kazi yake kuiambia kompyuta krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imefika wapi katika mzunguko. Kikinyamaza, kompyuta haijui cheche itoke lini, basi haitoi kabisa. Kinashikwa na bolti moja na soketi moja. Kukibadilisha hakukumaliza muda wa kunywa soda. Bredauni ndiyo iliyonikamua. Sensa yenyewe ilikuwa chenji.

Kijana yule aliniongezea jambo: sensa za aina hiyo mara nyingi huanza kufa zikiwa za moto. Ningekaa chini ya mti nikaiacha injini ipoe, huenda gari lingewaka, likanifikisha Arusha lenyewe.

Nimelifikiria sana tukio hilo, kwa sababu sensa ile na platini za baba zinasimamia jambo lilelile, yaani cheche itoke wakati gani. Kubadilisha sensa ni rahisi kuliko kupima platini. Haihitaji kadi ya harusi wala mtoto wa kuzungusha hendeli. Kwa hiyo si kweli kwamba gari la kisasa halitengenezeki. Kilichonipandisha kwenye bredauni ni kwamba ugonjwa wake hauonekani. Land Rover ikiugua inakujulisha kwa mlio, kwa moshi, kwa harufu ya mpira unaoungua, na mtu mwenye masikio anaanza kukisia kabla hajafungua boneti. Langu liliugua kimya, na ujuzi wa kuliona ulikuwa mjini, kwenye kifaa cha mtu mwingine. Lenyewe sauti ya pekee linayonipa ni ile ya kila asubuhi, kwa Kijapani, kunikumbusha kadi ya barabara za kulipia ambayo sijawahi kuwa nayo.

Kitu kingine ni kwamba la zamani lilijua kuharibika nusu. Krosi, yaani kiungo, ya propela shafti ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, iliwahi kufa tukiwa na mzigo, mbali na gereji yoyote. Baba alifungua bolti, akaitoa ile shafti nzima, akaitupia juu ya magunia, akabonyeza kile kirungu cha njano cha kuingiza nguvu mbele, tukarudi tunavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Ya kisasa mengi nayo yana hali ya kujilinda, yanapunguza nguvu ili ujikongoje hadi kwa fundi. Lakini hapo gari ndilo linaloamua kama utatembea au hutatembea. Dereva anapewa taarifa tu.

Wanaosema "angalia, bado zipo barabarani" hawazihesabu zisizokuwepo. Land Rover zilipojaa Arusha kwa mamia kwenye tamasha lile la Oktoba 2024, watu walipiga picha na mimi nikawa naangalia milango na mafenda: huyu kavaa mlango wa kijani kwenye mwili wa krimu, yule kafunga grili ya mwaka mwingine kabisa. Nyuma ya kila moja iliyokuwa ikipunga bendera kuna nyingine zilizokatwa vipande ili hiyo itembee. Ya kwetu imelishwa hivyohivyo. Na mwili wake kutooza hakukutokana na mtu kutaka turithi gari: mwaka 1948 Land Rover ya kwanza ilipotoka, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kinatolewa kwa mgao, ndipo wakatumia mabati ya aluminiamu. Chesisi ni ya chuma, na hiyo inaliwa na kutu kwa ndani, kimyakimya, hadi siku unapopiga jeki na jeki ikazama.

Peugeot 504 ilikuwa ngumu vilevile. Ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikawa gari la mwaka la Ulaya, ikashinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na zile za stesheni na za kubeba mizigo zilijaa Afrika yote, nyingine zikiunganishwa hapo Kenya. Mjomba wangu wa Tanga alikuwa nayo, na mpaka leo hajapata kiti kilichomfaa mgongo kama kile. Ilimfia ikiwa na injini nzima. Upepo wa chumvi ulikula sakafu, halafu spea zikaadimika, mafundi walioijua wakazeeka wakahamia Toyota kama kila mtu. Kati ya gari hilo na la baba sioni tofauti ya ubora. Naona tofauti ya duka na ya fundi: Arusha bado unaingia dukani ukaomba bushi moja ya Land Rover ukapewa bushi moja.

Hata mafuta yalibadilika. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na injini nyingi za enzi hizo ziliitegemea kulinda viti vya vali, pale vali zinapokaa zikifunga. Kufikia Januari 2006 nchi zetu kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo, jambo jema kabisa kwa ubongo wa watoto wetu, lakini viti laini vya vali vikaanza kuchimbika. Dawa yake? Shusha silinda hedi, peleka kwa wachongaji, weka viti vigumu, rudisha. Kelele nyingi zilipigwa, kazi yenyewe ikawa ya kawaida tu.

Sasa niseme lisilopendeza kwa wenzangu wapenzi wa chuma. Watoto wangu hawapandi Land Rover kwenda Arusha. Nyuma ni mabenchi ya ubavuni, mikanda hakuna. Breki zake ni za ngoma magurudumu yote manne, na ukitoka kuvuka mto unazikanyaga kwanza zikauke ndipo uziamini. Mwaka 2009 taasisi moja ya bima ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso. Lile zee, refu, zito, chuma tupu, lilijikunja upande wa dereva mpaka usukani ukamfuata alipo. Sanamu la majaribio ndani yake lingekuwa marehemu. La kwenye Malibu lingetoka na jeraha la mguu. Bati linalobonyea kwa mbele, ambalo vijiweni tunalicheka, limewekwa libonyee. Ugumu wa gari lote unaoonekana kama sifa, kwenye ajali unahamia kifuani kwa aliyekaa ndani.

Mpaka kati ya zama hizi mbili unauona vizuri kwenye Land Rover zenyewe, maana Arusha ya watalii imezitumia zote. Injini ya 300Tdi iliyoingia 1994 ni dizeli ya pampu ya kimakanika. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ni wa vali ndogo ya kufungulia mafuta. Mafundi waliipenda kama mboga ya nyumbani. Mwaka 1998 ikaja Td5, silinda tano na kompyuta. Ina tabia iliyowatoa watu jasho: waya za nozeli zimepita ndani ya injini, oili inapanda ndani ya waya hizo taratibu mpaka kwenye soketi ya kompyuta, gari linaanza kukosa mlipuko na hakuna anayejua kwa nini. Wenye magari walibadilishiwa nozeli, pampu, vichujio, pesa zikaisha. Leo muulize fundi yeyote anayezijua, hata wa chini ya mwembe: anafungua ile soketi nyekundu kwanza, anaangalia kama ina oili, anaisafisha, anakwambia ukanunue waya mpya. Ujuzi ulifika. Ulichelewa tu, na waliolipia ucheleweshaji huo ni wenye magari.

Kwa hiyo siogopi kompyuta yenyewe. Ninachokiogopa ni vifaa vinavyokataa kufanya kazi mpaka vitambulishwe kwa gari kwa nywila ya kiwanda. Taa ya mbele ya Land Rover ni ile ya duara ya inchi saba, iliyotumika kwenye magari ya kampuni nyingi. Unaitoa huku unaiweka kule, haiulizi. Kwenye baadhi ya magari mapya taa ni kifaa chenye ubongo wake, na ukifunga ya mtumba inagoma. Huko Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 ili watengenezaji wa magari wazipe gereji huru taarifa za kutengenezea. Kwetu kura hiyo haipo. Tunategemea vijana wenye kompyuta mpakato na marafiki mtandaoni. Yule wa sensa ya krenki ni mmoja wao. Platini za baba alizitazama kwa udadisi, akauliza kama zinauzwa bado.

Shemeji yangu alipotaka gari la kuzungushia bidhaa za duka kati ya Karatu na Mto wa Mbu, aliniomba nimsindikize. Tulianza kwa fundi, muuzaji akafuata. Alikuwa amelipenda moja jipya jipya, jeusi, gia za kisasa zile zisizo na gia, viti vya ngozi. Tukamuuliza fundi wetu maswali ya kawaida: gia boksi hii umewahi kuifungua? Kisomeo chako kinaisoma? Kontro boksi, yaani kompyuta yake, ya mtumba inapatikana Arusha, au ni ya kuagiza? Rejeta je? Kwa lile jeusi alijibu kila swali kwa "sijawahi, ila tunaweza kujaribu". Shemeji akanitazama kwa masikitiko. Tukachukua lingine la bei hiyohiyo, la gia za kawaida, la rangi isiyo na jina, ambalo nusu ya teksi za Karatu ni ndugu zake. Limeshabadilishwa klachi na shokapu, yote hapohapo Karatu, na halijalala gereji. Hajaacha kulalamika kuhusu viti.